Siasa za Makabwela na Ikulu ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, swali moja hurudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: je, mgombea wa mrengo wa kushoto anayewasema mabilionea hadharani anaweza kuchukua urais? Jibu langu ni kwamba anaweza, na ninalisema nikijua orodha nzima ya walioshindwa. Ila njia yake ni nyembamba, na haipiti pale ambapo mashabiki wengi wanadhani.

Upopulisti wa kushoto ni siasa za namna gani?

Ni siasa zinazosema kwamba kuna wengi wanaotoka jasho na wachache wanaovuna, na kwamba serikali ina wajibu wa kusimama upande wa wengi. Katika Marekani ya leo madai yake yanajulikana: bima ya afya kwa kila mtu, kima cha chini cha mshahara kinachotosha kula na kulipa pango, kodi zaidi kwa matajiri wakubwa, haki ya wafanyakazi kujiunga na vyama vyao bila kufukuzwa kazi, na kuyabana makampuni yaliyohodhi soko.

Donald Trump naye hujinadi kama mtetezi wa mtu wa chini, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Kwake mkosaji ni mhamiaji, mgeni, mwandishi wa habari, ofisa wa serikali. Kwa Bernie Sanders, seneta wa mrengo wa kushoto, mkosaji ni mwenye benki na mwenye kampuni ya dawa. Wanaongea na mtu yuleyule aliyechoka, lakini hawamwelekezi kwa adui mmoja.

Si mambo ya Sanders tu haya?

Hapana, yana zaidi ya miaka 130. Tarehe 4 Julai 1892, wakulima waliolemewa na madeni na nauli za reli walikutana Omaha, Nebraska, wakapitisha ilani ya chama chao, People's Party. Ilani ile ililalamika kwamba matunda ya jasho la mamilioni yanaibwa ili kuwajengea wachache utajiri usio na kifani. Walitaka kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, maseneta wachaguliwe moja kwa moja na wananchi, na reli ziwe mali ya umma. Mgombea wao, James Weaver, alipata kura za wananchi zaidi ya milioni moja na kura 22 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais rasmi. Ikulu hawakuiona, lakini kufikia mwaka 1913 kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta kwa kura ya wananchi vilikuwa vimeingia kwenye katiba ya nchi.

Miaka minne baada ya Omaha, chama cha Democratic kikaichukua hoja yao. Kwenye mkutano mkuu wa Chicago, Julai 1896, alipanda jukwaani kijana wa miaka 36 kutoka Nebraska, William Jennings Bryan, kutetea sarafu ya madini ya fedha, ambayo ingeongeza pesa mitaani, dhidi ya ile ya dhahabu. Kwa mkulima mwenye deni, sarafu nyingi mitaani zilimaanisha mazao kupanda bei na deni kupungua uzito. Bryan alimaliza kwa kusema kwamba binadamu hawatasulubiwa juu ya msalaba wa dhahabu, kisha akanyoosha mikono yote miwili pembeni na kubaki amesimama hivyo. Ukumbi ulinyamaza kwanza, halafu ukalipuka, wajumbe wakambeba mabegani. Kesho yake chama kikamteua kuwania urais.

Alishindwa, kura 271 za wajumbe kwa 176. Mpinzani wake, William McKinley, alibaki nyumbani kwake Canton, Ohio, akipokea wageni barazani, huku meneja wake, Mark Hanna, akichangisha pesa kwenye mabenki na makampuni makubwa. Pesa zilimuumiza Bryan, lakini kuna jambo jingine ambalo wanaomsimulia hulipita haraka: hakuwapata wafanyakazi wa viwandani wa kaskazini mashariki. Bei zikipanda, mkulima mdaiwa anapumua. Mwenye mshahara wa wiki anapunguza mkate mezani. Bryan hakuwa na jibu la kumpa huyu wa pili. Aliwania tena 1900 na 1908, akaanguka mara zote.

Kuna rais yeyote aliyewahi kushinda kwa lugha hii?

Yupo: Franklin D. Roosevelt, mwaka 1936. Siku chache kabla ya kura alisimama Madison Square Garden, New York, akawataja wenye fedha waliomchukia, akasema wameungana katika kumchukia yeye, na kwamba anaikaribisha chuki yao. Wagombea wengi wa leo wa chama chake wangeogopa kutamka sentensi hiyo. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48.

Mwenyewe alitoka ukoo wa kitajiri. Kilichompa nguvu ni kwamba mwaka uliotangulia alikuwa ametia saini sheria ya pensheni ya wazee na sheria ya kulinda vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo alikuwa na kitu cha kuonyesha. Huko Louisiana seneta Huey Long alikuwa ameanzisha harakati za kugawana utajiri na akajikusanyia wafuasi wengi mno, hadi alipopigwa risasi na kufa Septemba 1935. Shinikizo kutoka kushoto lilimsukuma rais aende mbali kuliko alivyopanga.

Kuna doa pia, na ni lazima lisemwe. Sheria ile ya pensheni iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Kusini mwa nchi, hao kwa sehemu kubwa walikuwa watu Weusi.

Siasa hizi haziwezi kugeuka za kibaguzi?

Zinaweza, na zimewahi. Tom Watson wa Georgia, mmoja wa vinara wa People's Party, mwanzoni aliwaambia wakulima Weupe na Weusi kwamba wanatenganishwa ili waibiwe kwa urahisi. Baada ya kushindwa mara kadhaa akawa mhubiri wa chuki dhidi ya Weusi, Wayahudi na Wakatoliki, na mwisho akaingia Seneti. Mtu yuleyule, hasira ileile. Kwa hiyo mgombea wa namna hii apimwe kwa anayemlaumu, na asibadilishe jibu anapohamia jimbo jingine.

Sanders alikwama wapi?

Mwaka 2016 alipata takriban kura milioni 13, kama asilimia 43, kwenye mchujo wa Democratic, yaani kura za kumteua mgombea wa chama, akiwa seneta wa jimbo dogo la Vermont ambaye wengi hawakuwa wamemsikia. Mwaka 2020 alianza vizuri zaidi: alishinda New Hampshire, kisha Nevada, ambako wapiga kura wenye asili ya Kilatino walimbeba. Wiki hiyo ilionekana kama ameshaupata uteuzi.

Jumatano ya tarehe 26 Februari, huko North Charleston, South Carolina, mbunge James Clyburn alisimama kando ya Joe Biden. Clyburn amezunguka kwenye makanisa ya Weusi ya jimbo lile kwa miongo mingi. Alisema: "Namjua Joe. Tunamjua Joe. Lakini la muhimu zaidi, Joe anatujua sisi." Siku tatu baadaye Biden akapata karibu nusu ya kura zote za jimbo, Sanders kama moja ya tano. Jumapili Pete Buttigieg akajitoa. Jumatatu Amy Klobuchar akajitoa, na usiku huohuo wote wawili wakamuunga mkono Biden. Jumanne majimbo 14 yakapiga kura, Biden akachukua 10. Mwezi wa Aprili Sanders akaacha mbio.

Mashabiki wake wengi husema ilikuwa njama. Kwamba vigogo wa chama walipigiana simu, sina shaka. Lakini mpango wa Sanders wenyewe ulitegemea wapinzani wabaki wamegawanyika ili yeye aongoze na theluthi ya kura. Trump alifaulu kwa mtindo huo 2016 kwa sababu Warepublican katika majimbo mengi humpa mshindi wajumbe wote au karibu wote wa mkutano wa kumteua mgombea. Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano kwa kila anayevuka asilimia 15. Kwa kanuni hiyo, theluthi haikupeleki popote. Mtu anahitaji kukaribia nusu, na nusu ya chama hicho haipatikani bila wapiga kura Weusi wa kusini, hasa akina mama na wazee.

Kwani wapiga kura Weusi wa kusini wanazikataa sera zake?

Hapana kabisa. Bima ya afya ya umma na mshahara bora vina watetezi wengi kwao. Mwaka 1988 Jesse Jackson aliwania kwa ajenda iliyofanana sana na ya Sanders, akapata karibu kura milioni 7 na kushinda majimbo kadhaa ya kusini. Jackson alikuwa wa kwao: mzaliwa wa South Carolina, mchungaji, aliyekuwa pamoja na Martin Luther King.

Mtu ambaye babu yake alinyimwa kura na mama yake alifungiwa milango ya shule hapigi kura ya kubahatisha. Anauliza nani ataweza kumzuia mbaya zaidi, na nani alikuwepo siku za shida. Mgombea anayefika na chati za ukosefu wa usawa wiki tatu kabla ya kura, hata akiwa na hoja safi, anabaki mgeni. Hapo ndipo vita ya urais ya mrengo wa kushoto inaposhindwa au kushinda, kuliko kwenye mijadala ya televisheni. Nasisitiza jambo hili kwa sababu naona vijana wengi, huko Marekani na huku kwetu, wakilipuuza.

Kama sera zinapendwa, mbona chama cha Democratic kinaanguka?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na Missouri ndiyo darasa lake. Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo hilo waliifuta kwa kura ya maoni sheria iliyodhoofisha vyama vya wafanyakazi, theluthi mbili wakisema hapana. Mwaka huohuo wakapandisha kima cha chini cha mshahara hadi dola 12. Mwaka 2020 wakapanua bima ya afya ya watu wa kipato cha chini. Novemba 2024 wakapitisha dola 15 pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo, kwa kama asilimia 58. Siku hiyohiyo, kwenye karatasi hizohizo, Trump akapata kama asilimia 58.

Florida 2020 ilikuwa vivyo hivyo: dola 15 zilipita kwa zaidi ya asilimia 60, na Trump akalichukua jimbo. Wakati huo kima cha chini cha taifa kilikuwa kimekwama kwenye dola 7.25 tangu 2009.

Kwa hiyo mpiga kura wa Missouri anautaka mshahara, hamtaki anayeuleta. Kwa nini? Amemwona rais wa Democratic, Bill Clinton, akitia saini sheria ya kutekeleza mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada, kisha viwanda vikafungwa. Aliona mabenki yakiokolewa kwenye msukosuko wa fedha wa 2008 na nyumba za majirani zikipigwa mnada. Chama cha wafanyakazi kilichokuwa kikimletea baba yake habari za siasa hakipo tena. Miaka ya 1950 takriban theluthi moja ya wafanyakazi walikuwa wanachama, leo ni kama mmoja kati ya kumi. Nafasi ile imejazwa na redio, kanisa na simu ya mkononi.

Likizo ile ya ugonjwa nayo haikudumu. Mwaka 2025 wabunge wa Republican wa Missouri waliifuta na gavana akatia saini. Wafanyakazi waliopata haki kwa kura zao wenyewe walinyang'anywa na watu waliowachagua siku ileile.

Kuna aliyejaribu kuwania bila jina la chama?

Dan Osborn wa Nebraska. Ni fundi mitambo aliyeongoza mgomo wa 2021 kwenye kiwanda cha Kellogg's mjini Omaha. Mwaka 2024 aliwania useneta kama mgombea binafsi, akiongea habari za mishahara, haki ya mkulima kutengeneza trekta lake mwenyewe, na wabunge wanaomilikiwa na wafadhili. Democratic hawakuweka mtu. Alipata kama asilimia 46 na nusu katika jimbo ambalo Kamala Harris aliachwa na Trump kwa takriban pointi 20. Hakushinda. Lakini hakuna hotuba ya mtaalamu wa kampeni inayoweza kueleza pengo lile vizuri kuliko hesabu yenyewe.

Kwenye urais njia hiyo karibu haipo. Mgombea binafsi au wa chama cha tatu akigawa kura za upande mmoja, upande wa pili unapita katikati. Theodore Roosevelt alipata asilimia 27 mwaka 1912, na matokeo yake Woodrow Wilson akaingia Ikulu. Robert La Follette alipata kama asilimia 17 mwaka 1924 na jimbo moja tu, lake la Wisconsin.

Biden si alitawala kwa sera hizohizo?

Kwa sehemu. Septemba 2023 alijiunga na wafanyakazi wa viwanda vya magari kwenye mgomo wao huko Michigan, rais wa kwanza aliye madarakani kufanya hivyo. Aliweka Lina Khan kuyabana makampuni makubwa, na bei ya insulini kwa wazee ikawekewa kikomo cha dola 35 kwa mwezi. Lakini mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, na mwenye mshahara akahukumu kwa bei ya mayai, kama wale wa 1896 walivyohofia mkate wao. Nyongeza ya nafuu ya kodi kwa familia zenye watoto ya 2021, iliyopunguza umaskini wa watoto haraka, iliachwa ife baada ya mwaka mmoja. Na rais mwenyewe hakuweza kuyasimulia aliyoyafanya kwa sauti ya mtu aliyekasirika kwa niaba yako.

Pesa za matajiri haziwezi kuzuia kila kitu?

Zinazuia mengi. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2010 uliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kumwaga pesa bila kikomo nje ya kampeni rasmi, na 2024 Elon Musk peke yake alitumia zaidi ya dola milioni 250. Hata hivyo Sanders alithibitisha kwamba kampeni ya urais inaweza kuendeshwa kwa michango midogo. Wastani wa dola 27 ulikuwa wimbo wake 2016. Pesa kubwa huuma zaidi chini, kwenye mchujo wa wabunge, ambako wapiga kura ni wachache na tangazo la televisheni linafika mbali. Huko ndiko viongozi wa kesho wanakokatwa mapema.

Ushindi wa Zohran Mamdani New York una maana gani?

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuufuatilia kwa karibu. Alizaliwa Kampala, na baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Novemba 2025 Zohran alichaguliwa meya baada ya kumshinda gavana wa zamani, Andrew Cuomo, mara mbili: kwenye mchujo na kwenye uchaguzi wenyewe.

Urais hawezi kuwania, kwa kuwa katiba inadai raia wa kuzaliwa. Funzo lake ni la ufundi. Aliahidi vitu vichache ambavyo mtu anaweza kuvirudia akiwa kwenye foleni: pango la nyumba zinazodhibitiwa lisipande, mabasi yawe bure, malezi ya watoto yagharimiwe na umma. Baada ya ushindi wa Trump 2024 alikwenda na kipaza sauti barabarani Bronx na Queens kuwauliza waliompigia Trump au waliokaa nyumbani sababu zao, akasikiliza. Walimjibu: gharama za maisha. New York si Ohio, nakubali. Kusikiliza kunawezekana kokote.

Nje ya Marekani, kuna mahali zimefaulu?

Mexico. Andrés Manuel López Obrador aliwania 2006 na 2012 akashindwa, 2018 akashinda kwa asilimia 53. Alipandisha kima cha chini cha mshahara kila mwaka, akaweka pensheni ya wazee wote, na watu zaidi ya milioni 13 wakatoka kwenye umaskini kati ya 2018 na 2024. Claudia Sheinbaum wa chama hichohicho akashinda kwa karibu asilimia 60. Chile ilikwenda kinyume: Gabriel Boric alishinda 2021, mwaka uliofuata asilimia 62 ya wapiga kura wakaikataa rasimu ya katiba mpya aliyoiunga mkono, na mwishoni mwa 2025 José Antonio Kast wa mrengo wa kulia akashinda urais. Mexico walianza na mshahara. Chile walianza na katiba.

Na siasa za "hustler" za Kenya?

Lugha ilikuwa ileile: mama mboga na bodaboda dhidi ya koo za kitawala, na ilimpa William Ruto ushindi wa asilimia 50.49 mwaka 2022. Kisha Muswada wa Fedha wa 2024 ukaja na pendekezo la kodi kwenye mkate, na tarehe 25 Juni vijana wakaingia Bungeni. Muswada ukaondolewa, lakini watu walikuwa wameshauawa.

Nani anaweza kuibeba bendera hii 2028?

Sanders atakuwa na miaka 87. Jina linalotajwa zaidi ni la Alexandria Ocasio-Cortez, mbunge wa New York, aliyezunguka naye nchi nzima 2025 wakipinga utawala wa mabilionea. Denver pekee walikusanya zaidi ya watu 30,000. Mimi sitazami ukubwa wa mikutano. Natazama kama mgombea yeyote wa kundi hili atakaa South Carolina, Georgia na Alabama kuanzia sasa, Jumapili kwa Jumapili, kabla ya kuomba kura.

Akishinda, ataweza kutekeleza?

Machi 2021 Sanders alipeleka Seneti hoja ya kima cha chini cha dola 15. Ilianguka kwa kura 58 dhidi ya 42, na maseneta 8 wa upande wake mwenyewe waliikataa. Miswada mingi huhitaji kura 60 kati ya 100. Ndiyo maana 2026 nafuatilia viti viwili: Nebraska, ambako Osborn amejitosa tena, na Ohio, ambako Sherrod Brown, rafiki wa siku nyingi wa vyama vya wafanyakazi, anajaribu kurudi. Mwaka 2024 Brown aliangushwa kwa chini ya pointi 4, wakati Trump alilichukua jimbo kwa pointi 11.